Kukitambua Kipimo cha Mwendo cha Pikipiki ya Zamani

Wako watu wanunuao pikipiki kuukuu za Kiingereza, kama vile BSA, Triumph na Norton, wakauziwa kipimo cha mwendo kisicho chake. Basi yafaa mnunuzi azijue alama kabla ya kutoa fedha.

Vipimo vingi vya pikipiki hizo vilitengenezwa na kampuni ya Smiths. Aina ya kwanza huitwa Chronometric. Ndani yake mna mtambo kama wa saa, uhesabuo mizunguko ya waya kwa muda maalum. Kwa hiyo mshale wake hurukaruka hatua kwa hatua. Aina ya pili, iliyoenea tangu 1964 hivi, hutumia sumaku, na mshale wake hupanda mfululizo bila kuruka.

Tazama pia maandishi madogo usoni. Herufi S ikifuatwa na namba ni ya aina ya kwanza. SSM ni ya sumaku. Ukiona 1600 katika kipimo cha sumaku, maana yake waya huzunguka mara 1600 kwa kila maili. Hesabu hiyo isipolingana na gia za pikipiki, kipimo kitasema uongo juu ya mwendo na juu ya maili pia. Muuzaji husifu rangi. Mnunuzi mwenye busara husoma namba.