Kiti Kitupu Katika Halmashauri ya Shule: Je, Cheti Chatosha?

Mjumbe wa halmashauri ya shule akifariki dunia, au akihamia mbali, au akijiuzulu, kiti chake hakina budi kujazwa, na hapo ndipo maneno huanza. Wengine husema, "Tumchague mtu aliyesoma." Wengine hujibu kwamba mzee fulani alitoa kipande cha shamba lake ili shule ijengwe, naye hana cheti chochote, je, apitwe na kijana ambaye hajapanda hata mti mmoja katika kiwanja hicho? Kila upande una haki yake, na kwa hiyo yafaa jambo hili litazamwe kwa utulivu.

Kwanza tuulize kazi yenyewe ni ipi. Wako wanaodhani kuwa kazi ya mjumbe ni kuketi mbele siku ya wazazi na kunywa chai. Sivyo hata kidogo. Kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, halmashauri ndiyo inayosimamia mali ya shule. Ndiyo inayopokea fedha na kutoa hesabu yake. Ndiyo inayoajiri na kuwalipa wafanyakazi wasio walimu, kama vile mpishi na mlinzi. Sheria hiyo huwataja wajumbe kwa makundi wanakotoka: sita husimama badala ya wazazi au wenyeji, watatu hutoka kwa wafadhili wa shule, mmoja huchaguliwa na walimu, na wengineo. Mwandishi wa halmashauri ni mwalimu mkuu mwenyewe.

Hapo nawaomba wasomaji watue kidogo. Mwalimu mkuu ndiye anayetumia fedha za shule kila siku. Yeye ndiye pia mwenye kuandika kumbukumbu za mkutano, na mara nyingi ndiye anayezisoma kwa sauti na kuzieleza, kwa kuwa katika shule nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza. Basi mjumbe asiyeweza kuzisoma huijua shule kwa kinywa cha mtu yule yule ambaye amewekwa kumwangalia. Sisemi kwamba walimu wakuu ni wezi. Mtu mwaminifu hufurahi hesabu yake ikitazamwe na macho mengine kabla mkaguzi hajafika. Lakini tuseme karatasi yaonyesha magunia 40 ya mahindi yaliyonunuliwa muhula huu, na muhula uliopita watoto wale wale walikula magunia 28. Mjumbe anayesoma atauliza magunia 12 yameliwa na nani. Asiyesoma atainua mkono pamoja na wenzake, kisha chai italetwa.

Wako watu waliokwisha kuliandika sharti la elimu katika sheria yao, nao wanafaa kutazamwa. Katika jimbo la Kentucky, huko Marekani, mtu hawezi kuketi katika halmashauri ya shule za wilaya yake asipokuwa ametimiza umri wa miaka 24, awe mpiga kura wa mahali hapo, na awe amemaliza darasa la 12 au kupata cheti kilicho sawa na hicho. Anayegombea huthibitisha elimu yake kwa kiapo. Kiti kikiwa wazi, wajumbe waliobaki humchagua mwingine kwa kura katika muda wa siku 60. Kabla ya mwaka 2019 kazi hiyo ilikuwa ya mkuu wa elimu wa jimbo. Tena sheria humzuia mtu ambaye mzazi wake, ndugu yake, mwenzi wake au mtoto wake ameajiriwa na shule za wilaya hiyo. (Sharti hilo la ukoo lingeletwa kwetu, nadhani mikutano mingine ingekosa akidi.)

Lakini lililonipendeza zaidi si cheti. Watu wa Kentucky hawakusema kwamba aliyemaliza darasa la 12 amekwisha kuijua kazi. Mjumbe mpya hupaswa kufundishwa saa 12 kila mwaka katika miaka yake ya kwanza. Akizoea hupunguziwa hadi saa 8, na mkongwe wa miaka minane au zaidi saa 4. Hapa Kenya iko Taasisi ya Usimamizi wa Elimu, ambayo hufundisha walimu wakuu na wajumbe pia. Mjumbe mpya asione aibu kuomba apelekwe, wala mwalimu mkuu asione gharama hiyo kuwa hasara.

Kuhusu vyeti vyenyewe, tahadhari inafaa. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ilitangua sharti lililowataka wagombea wa Bunge na wa mabaraza ya kaunti wawe na elimu ya baada ya sekondari, ikisema kwamba lapingana na Katiba. Mimi nakubaliana na hukumu ile, na naona hoja yake yafika hata shuleni. Kuna mama muuza mboga ambaye ametunza daftari la chama chao miaka kumi bila senti kupotea. Na kuna mwenye shahada ambaye hajapata kufungua kitabu cha fedha. Kati ya hao wawili, mimi ningempa mama kiti.

Basi tangazo la nafasi likibandikwa, wazazi wasiishie kuuliza, "Amefika kidato cha ngapi?" Waombe karatasi ya hesabu ya muhula uliopita, wampe kila anayetaka kiti, wamwambie aisome na kuwaeleza kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani: fedha ngapi ziliingia, ngapi zilitoka, na deni ni la nani. Jambo hilo halichukui zaidi ya robo saa, na mzee aliyetoa shamba aweza kuketi pale pale mbele, asikilize, na kuuliza maswali yake.