NDEGE ZA BIBI WILSON NA HAKI YA MFANYAKAZI



Hapa Busia na Tororo wengi wetu twalijua jina Wilson kuwa ni la uwanja wa ndege wa Nairobi. Kabla ya hapo lilikuwa jina la kampuni.

Mwaka 1929 Bibi Florence Kerr Wilson, mjane mwenye mali, alianzisha Wilson Airways mjini Nairobi pamoja na rubani Tom Campbell Black. Walianza na ndege ndogo za kukodi. Baadaye kampuni ilibeba barua na abiria hadi Kisumu, kuzipokea ndege kubwa za Imperial Airways kutoka Uingereza, na pia hadi Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam.

Vita vilipoanza mwaka 1939 serikali ya kikoloni ilizichukua ndege zake kwa kazi ya jeshi, na kampuni ikafa. Mwaka 1946 likaanza shirika la East African Airways. Uwanja ukapewa jina la Wilson mwaka 1962.

Sasa tujiulize. Je, ndege iliruka kwa nguvu za rubani peke yake? Wapo waliofyeka majani uwanjani, waliobeba mafuta na mizigo, waliokesha wakilinda. Masimulizi ya kampuni hiyo yanamtaja mwenye mali na marubani wake. Kibarua hatajwi.

Jambo hili halikuishia hapo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na East African Airways ikafa pia. Reli ipitayo Tororo na Malaba, iliyokuwa ya shirika moja, ikagawanywa. Serikali tatu zilitia sahihi mapatano ya kugawana mali na madeni mwaka 1984. Hata hivyo, miaka zaidi ya 20 baadaye wastaafu wa Jumuiya walikuwa bado wanadai pesa zao Dar es Salaam, mahakamani na barabarani. Wengine walikufa wakingoja.

Ndugu, kiwanda au shamba laweza kufungwa kwa siku moja. Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu. Tunza barua ya kuajiriwa na karatasi za mshahara. Hakikisha kwamba pesa unayokatwa kwa ajili ya uzee imefika inakotakiwa. Na kila tawi liandike daftari la wanachama wake, pamoja na mwaka ambao kila mmoja alianza kazi.

Kampuni ikifa, karatasi ndiyo shahidi wetu, na chama ndicho msemaji wetu.

Umoja ni nguvu!