Je, Wajua? Filta ya oili hugandishwa na mpira wake

Filta ya oili ikigoma kufunguka, wengi husingizia kutu. Mara nyingi mkosaji ni ule mpira mweusi wa duara mdomoni mwake. Ukifungwa mkavu, au filta ikakazwa kwa spana, joto la injini huugandamiza hadi ushikane na chuma. Ndiyo maana fundi makini huupaka oili mpya kwanza, kisha hukaza kwa mkono tu: mpira ukishagusa injini, robo tatu ya mzunguko kwa kawaida yatosha.

Imeshaganda? Washa injini dakika chache ipate uvuguvugu, izime, kisha izungushie filta kipande cha msasa, upande wa mchanga ukielekea bati, mkono usiteleze kwa oili. Ikishindikana, tumia spana ya mkanda au ya cheni, ukiishika karibu na kitako kinachogusa injini, maana huko bati halibonyei ovyo. Na kama filta inaning'inia chini ya injini nawe unaitazama kutoka juu, upande wa kufungulia huonekana umegeuka. Wapo wanaoikaza zaidi huku wakitokwa jasho.

Kuitoboa kwa bisibisi na nyundo kunapendwa sana gereji, ila bati jembamba huweza kuchanika, ukabaki na kitako bila pa kushika.

Ikitoka, papasa injini kwa kidole. Mpira wa zamani ukibaki pale na filta mpya ikafungwa juu yake, oili yaweza kumwagika yote barabarani kwa dakika chache.