Mashine ya Wengi, Siri ya Mmoja

Kwa kawaida mwezi wa Julai, Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya Kidato cha Sita, maduka ya steshenari ya Buguruni, jijini Dar es Salaam, hujaa vijana. Karibu na makutano ya Barabara ya Uhuru na Barabara ya Mandela, huku makondakta wa daladala wakinadi safari za Kariakoo na Gongo la Mboto, kijana husimama kando ya meza na mhudumu hukaa mbele ya kompyuta. Huulizwa jina, namba ya mtihani na tarehe ya kuzaliwa. Kisha huja swali la mwisho.

"Dogo, neno la siri niweke lipi?"

"Weka lolote tu, kaka."

Mhudumu hubuni neno, huliandika katika daftari la dukani, hutoa karatasi iliyochapwa na kupokea malipo yake. Kijana huondoka akiamini kwamba kazi imekwisha. Kumbe kwa maneno yale manne amekabidhi ufunguo wa maombi yake ya chuo na ya mkopo wa masomo. Baadaye, akichaguliwa na chuo zaidi ya kimoja, Tume ya Vyuo Vikuu humtaka athibitishe chuo kimoja kwa kutumia namba maalumu inayotumwa kwa simu au kwa barua pepe. Ikiwa barua pepe hiyo ilifunguliwa na mtu mwingine, kwa neno ambalo mwenyewe halijui, nafasi iliyotafutwa kwa miaka kumi na mitatu ya masomo huweza kupotea, na mhudumu asiwe na nia mbaya hata kidogo. Yatosha daftari lipotee.

Neno la siri lilivyozaliwa

Huenda ikadhaniwa kwamba neno la siri lilibuniwa ili kuwazuia wezi. Asili yake ni tofauti. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT nchini Marekani, wataalamu wakiongozwa na Fernando Corbató walionyesha mfumo uliowawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa zamu fupi fupi. Mashine ilikuwa ya wote, lakini kila mtafiti alikuwa na kazi zake. Ilibidi mashine ipate njia ya kumtambua kila mmoja, na njia iliyochaguliwa ikawa neno la siri.

Haukupita muda mrefu kabla ya siri hizo kuvuja, na aliyezivujisha alikuwa mwanafunzi. Mwaka 1962 Allan Scherr, aliyekuwa akifanya utafiti wa shahada ya uzamivu, aliona kwamba saa nne alizopangiwa kwa wiki hazimtoshi. Aliwasilisha kadi yenye matundu iliyoiagiza mashine kuchapa orodha nzima ya maneno ya siri. Mashine ikatii. Scherr hakuvunja kufuli lolote. Aliomba tu, na hakuna aliyemuuliza.

Tanzania nayo ilianza na mashine chache. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ilizuia uingizaji wa mashine hizo isipokuwa kwa idhini maalumu. Hali ilibadilika baadaye, hasa baada ya mkongo wa baharini wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwezi wa Julai 2009. Hata hivyo, kwa vijana wengi wa Buguruni kompyuta bado ni mashine ya wengi: ya dukani, ya shuleni, au simu moja inayotumiwa na nyumba nzima. Kwa hiyo haja iliyowasukuma wataalamu wa mwaka 1961 ndiyo haja ya kijana huyu leo.

Hesabu ya kufuli

Nguvu ya siri yaweza kupimwa kwa hesabu za darasani. Namba ya siri ya tarakimu nne, kama zile zinazotumika kutuma fedha kwa simu, ina nafasi nne, na kila nafasi yaweza kujazwa kwa njia 10. Jumla ni 10 × 10 × 10 × 10, yaani namba 10,000. Mtu akiruhusiwa kubahatisha mara tatu tu kabla ya huduma kufungwa, uwezekano wake wa kupatia ni 3 kwa 10,000, au takribani 1 kwa 3,333. Hilo ni kufuli imara.

Lakini mwenye simu akichagua mwaka wa kuzaliwa wa mtu wa nyumbani mwake, hali hugeuka. Kati ya mwaka 1950 na 2012 ipo miaka 63 tu. Anayebahatisha mara tatu ana uwezekano wa 3 kwa 63, yaani 1 kwa 21. Kufuli ni lile lile. Aliyelidhoofisha ni mwenye ufunguo.

Kwa neno la siri la herufi, kanuni haibadiliki. Herufi nane ndogo za alfabeti ya Kilatini yenye herufi 26 zaweza kupangwa kwa njia takribani bilioni 209. Idadi hiyo ni kubwa, lakini mashine inayojaribu njia bilioni moja kwa sekunde huzimaliza katika muda usiofika dakika nne. Herufi zikiwa kumi na mbili, zilizochaguliwa bila mpango, mashine hiyo hiyo itahitaji miaka mitatu hivi. Urefu, basi, ni ngao.

Walakini watu hawachagui bila mpango. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson walichapisha uchunguzi wa maneno ya siri 3,289 na kuona kwamba 2,831, sawa na asilimia 86, yalikuwa mafupi mno au mepesi kubahatishwa. Jina la timu, la mchumba au la mtaa hubahatishwa mapema. Njia nyepesi ya kuikwepa tabia hii ni kufungua kamusi mahali popote pasipo kuchagua na kuokota maneno matano yasiyohusiana. Hukumbukwa kwa urahisi, na huwa magumu kukisiwa.

Mlango wa uani

Kufuli likiwa imara, mlaghai hupita mlango wa uani. Watanzania wengi wamewahi kupokea ujumbe usemao, "Ile pesa tuma kwenye namba hii." Mtumaji hajui hata kama ipo pesa iliyokusudiwa kutumwa. Hutuma kwa watu wengi akitumaini kwamba mmoja atakuwa na deni au ada ya kulipa siku hiyo. Kama Scherr, mlaghai huomba tu. Ujumbe wa namna hiyo usijibiwe. Namba yake yaweza kupelekwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano kupitia 15040. Na yeyote aombaye namba ya siri, hata akijitambulisha kuwa mfanyakazi wa kampuni ya simu, asipewe.

Mashine ya dukani ina mitego mingine. Inapouliza kama ikumbuke neno la siri, jibu liwe hapana. Kufunga dirisha la kioo si kutoka. Ni lazima kubonyeza sehemu ya kuondoka katika akaunti. Aidha, kufuta faili si kulichoma moto. Mara nyingi kompyuta huondoa tu jina la faili katika orodha yake, kama maktaba inayoondoa kadi huku kitabu kikibaki rafuni. Nakala ya cheti cha kuzaliwa iliyoachwa dukani yaweza kufufuliwa na mjuzi. Ni heri isihifadhiwe humo kabisa.

Siri ya mwenzako

Kujilinda ni nusu ya wajibu. Mwanafunzi akikuta akaunti ya mwenzake imeachwa wazi, heshima ni kuifunga bila kuisoma. Kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kumdhalilisha au kumtishia mtu kwa njia hiyo ni kosa pia. Mtoto anayetishwa kwa picha au ujumbe hapaswi kulipa wala kunyamaza. Yaweza kupigwa simu ya bure namba 116, au amwambie mzazi au mwalimu anayemwamini.

Walimu wa hisabati wanaweza kuifanya hesabu ya namba 10,000 ubaoni, kisha kila mwanafunzi ajiulize kimya kimya, bila kutaja, kama namba yake imo katika ile miaka 63. Na kijana wa Buguruni atakaposimama tena kando ya ile meza na kuulizwa, "Niweke lipi?" jibu lake liwe la adabu na fupi: "Samahani kaka, naomba nikae mwenyewe niandike."