Simu inaleta bei, gulio linaleta mtu wa kuaminika

MKULIMA wa Kwakoa mwenye magunia sita ya kunde ghalani siku hizi ana masoko mawili. La kwanza ni gulio, ambako wachuuzi hufika na mizani zao, hukagua mzigo, hupatana bei na kulipa. La pili limo mfukoni mwake. Ni kundi la WhatsApp, ambamo mtu anayejitambulisha kuwa mnunuzi wa Dar es Salaam ameandika kwamba anatafuta kunde, na bei anayotaja inazidi ile ya gulioni kwa shilingi 300 kila kilo.

Mnunuzi huyo na mkulima hawajawahi kuonana. Picha yake inaonyesha ghala lililojaa magunia. Anataka mzigo upakiwe kwenye gari linaloelekea Dar es Salaam, na anaahidi kutuma fedha kwa simu mara tu utakapomfikia.

Je, mkulima aupakie?

Swali hili si la Kwakoa peke yake, bali linawagusa wakulima na wafanyabiashara wadogo wa Same, Mwanga na kwingineko nchini. Kwa familia inayotegemea mvua, magunia sita yanaweza kuwa ada ya shule, mbegu za msimu ujao na dawa za mifugo. Uamuzi wa dakika tano kwenye simu unaweza kuamua mwaka mzima wa nyumba hiyo.

Hesabu ya magunia sita

Tuchukue mfano. Magunia sita ya kilo 100 ni kilo 600. Tuseme bei gulioni ni shilingi 1,500 kwa kilo. Mkulima atarudi nyumbani na shilingi 900,000. Kwa bei ya mnunuzi wa simu, yaani shilingi 1,800, mzigo huo huo una thamani ya shilingi 1,080,000. Nyongeza ni shilingi 180,000.

Lakini kuna nauli ya mzigo, wapakiaji na washushaji. Tuseme vyote vinagharimu shilingi 60,000. Faida ya ziada inabaki shilingi 120,000, na hiyo si haba.

Sasa tuangalie upande wa pili. Mnunuzi akizima simu baada ya kupokea mzigo, mkulima amepoteza kunde za shilingi 900,000 pamoja na gharama ya shilingi 60,000, jumla shilingi 960,000. Ukigawa kwa ile faida ya 120,000 unapata nane. Maana yake ni kwamba safari nane zilizokwenda vizuri zinafutwa zote na safari moja iliyoharibika.

Kwa hiyo mkulima asiulize tu nani anatoa bei kubwa. Aulize pia kama anamfahamu mtu huyo vya kutosha kumpa mzigo kabla ya fedha. Jibu la swali hilo halipatikani kwa kutazama picha ya ghala.

Simu imesaidia, hilo halina ubishi

Hakuna anayeweza kudharau faida ya simu. Kabla haijafika vijijini, mkulima alijua bei ya Moshi au Dar es Salaam kwa kuambiwa na mchuuzi yule yule aliyetaka kununua kwake. Leo anapiga simu mbili tatu na kupata bei. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo mfanyabiashara hana ulazima wa kusafiri na furushi la noti.

Wachumi wamepima manufaa hayo. Utafiti unaotajwa sana ni wa Robert Jensen, uliochapishwa mwaka 2007, kuhusu wavuvi wa dagaa wa jimbo la Kerala nchini India. Simu zilipofika pwani hiyo kati ya mwaka 1997 na 2001, tofauti za bei kati ya mwalo mmoja na mwingine zilipungua sana, na samaki wa kutupwa kwa kukosa wanunuzi wakaisha. Faida ya wavuvi ilipanda kwa wastani wa asilimia 8, na bei kwa walaji ikashuka kwa asilimia 4.

Lakini iko sehemu ya habari hiyo ambayo mara nyingi husahaulika. Mvuvi wa Kerala alitumia simu kujua aende mwalo upi. Akishafika huko, aliuza kwa mnada, mnunuzi akiwa mbele yake na samaki wakionekana. Simu ilimwonyesha njia tu, mauzo yenyewe yakafanyika ana kwa ana.

Mbona bei ya shambani haipandi?

Mahali pengine matokeo hayakuwa mazuri hivyo. Nchini Niger, ambako kunde ni zao kubwa la biashara, Jenny Aker na Marcel Fafchamps walichunguza bei walizopata wakulima baada ya simu kuenea. Tofauti za bei ya kunde kati ya eneo na eneo zilipungua, lakini wastani wa bei aliyolipwa mkulima haukupanda. Katika jimbo la Maharashtra, India, wakulima waliotumiwa bei za masoko kwa ujumbe wa simu hawakuuza kwa bei nzuri kuliko wenzao ambao hawakutumiwa.

Maelezo ya jambo hili yanapatikana hapa hapa Tanzania. Mtafiti Thomas Molony alifuatilia biashara ya nyanya na viazi kutoka nyanda za Iringa hadi masoko ya Dar es Salaam, na kuchapisha matokeo yake mwaka 2008. Aligundua kwamba wakulima wengi hawakuweza kuitumia taarifa ya bei hata walipokuwa nayo. Sababu ni mkopo. Mnunuzi ndiye aliyewakopesha fedha za pembejeo, na aliyekopeshwa hana uhuru wa kumpelekea mwingine mzigo wake.

Huo ndio ukweli wa biashara ya mazao. Bei ni sehemu moja tu ya makubaliano. Kuna nani atatoa fedha ya mbegu, nani atachukua mzigo siku soko likiwa limefurika, nani atakubali kupokea kunde leo na kulipa wiki ijayo bila kukimbia. Mambo hayo yote yanategemea kufahamiana.

Gulio lina nini ambacho simu haina?

Kwakoa ni kata ya Wilaya ya Mwanga, katika tambarare ya mashariki ya Milima ya Upare Kaskazini, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Wakazi wake ni wakulima na wafugaji. Mavuno ya nyumba moja mara nyingi si mengi kiasi cha kumvuta tajiri alete lori lake kwa mtu mmoja. Gulio ndilo linalokusanya vidogo vidogo vya watu wengi mahali pamoja.

Biashara ya kukutana si ngeni Upare. Zamani, kabla ya ukoloni, wahunzi wa ukoo wa Washana huko Ugweno walifua chuma kilichofika hadi kwa Wachagga. Mnunuzi wa jembe alimjua mhunzi wake, na jembe likivunjika alijua pa kurudi.

Gulio la leo linafanya kazi ile ile kwa njia nne.

Kwanza, mali inakaguliwa. Mnunuzi anatia mkono ndani ya gunia, anatazama kama kunde zimetobolewa na fukusi, anatafuna punje moja kujua kama imekauka. Wakipatana, hakuna atakayesema baadaye kwamba aliletewa mali tofauti na picha.

Pili, mtu anajulikana. Mchuuzi anayekuja gulioni wiki baada ya wiki ana jina la kulinda. Akimdhulumu mmoja, habari itazunguka kabla ya jua kuzama, na gulio lijalo hatapata mzigo. Mtapeli wa kwenye simu anabadilisha laini na jina, kisha anaendelea.

Tatu, mali kauli huanzia hapo. Mwenye duka wa Mwanga hawezi kumkabidhi mchuuzi katoni za sabuni bila fedha kwa sababu tu wamo kundi moja la WhatsApp. Humpa yule ambaye amefanya naye biashara, amemwona akilipa, na anajua anakoishi.

Nne, kuna habari ambazo hakuna anayeziandika kwenye kundi: mnunuzi gani ameishiwa mtaji, lori la nani linarudi tupu, nani anatafuta mbegu. Habari kama hizo hutolewa kwa mdomo, kwa mtu anayefahamika. Huko Madagascar, uchunguzi wa Fafchamps na Bart Minten ulionyesha kuwa wafanyabiashara wa nafaka wenye kufahamiana na wenzao wengi walikuwa na mauzo makubwa zaidi, hata walipolinganishwa na wengine wenye mtaji na elimu sawa.

Gulio nalo si pepo

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba gulioni ni haki tupu. Wachuuzi wanaweza kukubaliana bei usiku na asubuhi wakamkabili mkulima kwa sauti moja. Wapo wanaopima kwa debe lililobonyezwa, au wanaotaka lumbesa wakati sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Mkulima aliyefika saa nane mchana, amechoka na hataki kurudi na mzigo, huuza kwa bei yoyote.

Hapo ndipo simu inapokuwa silaha. Aliyeuliza bei ya Moshi kabla ya kutoka nyumbani hadanganyiki kirahisi. Anayejua kwamba kunde zake zinaweza kukaa miezi kadhaa kwenye mifuko isiyopitisha hewa bila kuliwa na fukusi, naye ana ubavu wa kusema hapana. Simu na gulio havipaswi kugombana, kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake.

Namna ya kutumia vyote viwili

Mkulima au mfanyabiashara mdogo anayetaka kunufaika na soko la mbali anaweza kufuata mambo yafuatayo.

Aonane na mnunuzi kabla ya mzigo wa kwanza. Nauli ya kwenda mjini na kurudi ni ndogo ukilinganisha na shilingi 960,000. Akifika, asiishie kwa mnunuzi. Awaulize majirani wa kibanda, wapagazi na madereva. Kama kwenda haiwezekani, amtumie ndugu au mwanakijiji anayeishi huko.

Aanze na kidogo. Gunia moja likilipwa vizuri, la pili na la tatu yafuate. Asipakie yote sita siku ya kwanza, hata kama ameahidiwa bei ya dhahabu.

Adai sehemu ya fedha kabla ya gari kuondoka, na aangalie salio mwenyewe. Ujumbe unaosema fedha zimeingia unaweza kughushiwa. Na ule utapeli maarufu wa kuambiwa ile hela itume kwenye namba hii haujaisha, ingawa usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza nchini kote mwaka 2019. Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) imetenga namba 15040 kwa ajili ya kupokea taarifa za namba za matapeli.

Wauze kwa pamoja. Magunia sita hayana nguvu ya kupanga bei. Wakulima kumi wenye sita sita wana magunia 60, na wanaweza kugawana gharama za gari na kumtuma mwenzao mmoja mwaminifu asafiri na mzigo, auone ukipimwa na apokee fedha. Kikundi kama hicho hakiundwi kwenye simu. Huundwa na watu waliokwisha kulima, kuzikana na kukopeshana pamoja.

Wanaotazama soko la Taveta, ng'ambo ya mpaka, wafuate njia halali. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi wa cheti cha uasili kwa wafanyabiashara wadogo wenye bidhaa zilizomo kwenye orodha yake, ambazo thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani. Huko pia, mwenyeji anayefahamika ana thamani kuliko namba kumi za simu.

Mwisho, kila makubaliano yaandikwe: tarehe, kilo, bei, kilicholipwa na kinachodaiwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Vijana wasilikimbie

Jambo la kuangalia ni kwamba vijana wengi wanaoanza biashara leo wanaliona gulio kama shughuli ya wazee. Kijana ana simu nzuri, ana wafuasi, anatangaza mali yake vizuri. Lakini anapokwama na kuhitaji mtu wa kumpa mzigo bila fedha taslimu au kumdhamini, wafuasi mia tano hawamfai. Anayemfaa ni yule mama aliyekaa jirani naye gulioni na kuona kwamba anarudisha chenji ya watu.

Tumrudie mkulima wetu wa magunia sita. Hana haja ya kumfukuza mnunuzi wa Dar es Salaam. Amwombe anuani ya kibanda chake, ahadi ya kuonana, na malipo ya awali kwa gunia moja. Mnunuzi wa kweli hataona ubaya, kwa kuwa hata yeye anahitaji mkulima wa kumwamini. Wa uongo atakasirika, au atanyamaza.

Wakati jibu likisubiriwa, siku ya gulio mkulima abebe kunde kiasi za kuonyesha, bei ya mjini akiwa nayo kwenye simu, aende akasalimiane na watu. Maana asiyekuwepo na lake halipo.