Mbwa mwenye mzio wa chakula: Samaki si jibu kwa kila mfugaji wa Kyela

WAFUGAJI wa mbwa wanaotafuta kwenye intaneti ushauri kuhusu mnyama anayejikuna bila kukoma, mara nyingi hukutana na jibu moja: achana na nyama ya ng'ombe na kuku, mpe samaki na wali. Ushauri huo unaweza kumfaa mbwa wa London aliyekulia chakula cha mifuko. Kwa mbwa wa Kyela, aliyelelewa kwa ugali, usipa na ukoko wa wali tangu aachishwe kunyonya, ushauri huo huo unaweza kumwacha na vidonda vile vile huku mwenye mbwa akiwa ametumia fedha zake bure.

Sababu iko katika namna mzio, ambao wengi tunauita aleji, unavyotokea. Kinga ya mwili huanza kuichukulia protini fulani ya chakula kama adui. Kwa kawaida hali hiyo haitokei kwa chakula ambacho mwili haujawahi kukutana nacho; huweza kuchukua miezi, pengine miaka, ya kula kitu kilekile. Mfugaji anayesema kwamba usipa hawawezi kuwa tatizo kwa kuwa mbwa wake amewala maisha yake yote, kwa hakika ametaja chakula cha kwanza kutiliwa shaka.

Mwaka 2016, watafiti Ralf Mueller, Thierry Olivry na Pascal Prélaud walichapisha mapitio ya taarifa za mbwa 297 wenye mzio wa chakula. Nyama ya ng'ombe iliwadhuru asilimia 34 ya mbwa hao, maziwa na mazao yake asilimia 17, kuku asilimia 15 na ngano asilimia 13. Mahindi yalikuwa asilimia 4. Samaki na mchele asilimia 2 kila kimoja. Msomaji wa haraka atahitimisha kwamba samaki na mchele ni salama kwa asili yake. Lakini takwimu za namna hiyo huonyesha pia kile ambacho mbwa hao walikuwa wakilishwa zaidi, na hakuna ajuaye orodha ingekuwaje kama mbwa hao wangekuwa wa Matema au Itungi.

Hata hivyo, kabla ya kukishtaki chakula, mfugaji hana budi kutazama manyoya. Bonde la Kyela lina joto na unyevu karibu mwaka mzima, na viroboto hawapumziki. Mate ya kiroboto yenyewe huleta mzio, na kuumwa mara chache tu kwaweza kumfanya mbwa ang'ate nyonga na shina la mkia hadi atoke damu. Upele unaosababishwa na utitiri nao hufanana sana na mzio. Mambo hayo huondolewa kwanza, kwa dawa na ushauri wa ofisa mifugo. Mzio wa chakula hauna msimu: mbwa hujikuna masika na kiangazi, hulamba nyayo, masikio hutoa uchafu wenye harufu, na baadhi huharisha mara kwa mara.

Vipo vipimo vya damu na vya mate vinavyouzwa kwa ajili ya mzio wa chakula. Haviaminiki, na asiyevipata Kyela hajapoteza kitu. Kipimo chenye kutegemewa ni sufuria: mbwa hupewa aina moja ya protini na aina moja ya wanga ambazo hajawahi kula, na kingine chochote hapewi isipokuwa maji, kwa muda wa wiki 8. Zaidi ya asilimia 80 ya mbwa wenye mzio huo hupata nafuu ndani ya wiki 5, na zaidi ya asilimia 90 wakifikisha wiki 8. Wafugaji wengi hukata tamaa wiki ya tatu.

Kwa mbwa wa ufukweni aliyezoea samaki, mahindi na wali, nyama ya mbuzi, ya sungura au ya nguruwe iliyochemshwa vizuri, pamoja na ndizi za kupika au viazi vitamu, ni chaguo la busara. Aliyekulia karibu na machinjio na hajapata kuonja samaki, huyo ndiye wa kupewa samaki na wali. Chakula hupikwa bila mchuzi wa nyumbani, maana kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mbwa mdogo anayekua asiwekwe katika jaribio hili bila daktari wa mifugo, kwa kuwa nyama na wanga peke yake havina madini ya kutosha kwa mifupa yake.

Ugumu halisi si wa jikoni. Mbwa wetu wengi hutembea. Anayekula mbuzi na ndizi asubuhi, kisha akashinda mwaloni akiokota matumbo ya samaki, hajafanyiwa jaribio lolote. Wiki 8 hizo ni za kumfunga au kumzungushia uzio, na za kuwakanya watoto wasimtupie tonge la ugali.

Kumfunga kuna faida nyingine ambayo miongozo ya ughaibuni haiitaji. Kyela ni wilaya ya kakao, na punje zake huanikwa uani. Ndani yake mna theobromini, kemikali ambayo mwili wa mbwa huiondoa polepole mno. Miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito huanza kumletea kutapika na kuhangaika. Zikifika 60 huweza kumtia degedege. Kwa mbwa wa kilo 15, gramu 100 za punje kavu zinatosha kuhatarisha maisha. Maganda ya punje nayo yana sumu hiyo, kwa hiyo yasigeuzwe matandiko ya banda. Unga wenye ukungu, ambao baadhi ya watu huona unamfaa mbwa kwa kuwa binadamu hawauli, waweza kuwa na sumukuvu inayoharibu ini.

Wiki 8 zikiisha na ngozi ikiwa imetulia, mbwa hurudishiwa chakula chake cha zamani. Akianza kujikuna tena ndani ya wiki 2, mzio umethibitika. Hapo hurejeshwa kwenye chakula cha jaribio hadi atulie, kisha vya zamani huongezwa kimoja kimoja, wiki 2 kwa kila kimoja: mahindi peke yake, baadaye wali, halafu usipa. Wapo wanaogundua kwamba usipa hawakuwa na kosa lolote.