Kalinzi, Karatasi na Deni: Shamba Linapitaje Toka Mkono Hadi Mkono?

Katika somo la historia tumejifunza juu ya mabwana na wakulima wa Ulaya ya kale, tukaandika kwenye daftari, tukafanya mtihani, ikaisha hapo. Lakini tuliposoma zaidi namna watu wa Uingereza wa karne za 13 hadi 15 walivyopeana mashamba na kukopeshana feza, tulishangaa. Mambo mengi yalifanana na yale tunayosikia nyumbani Kabare au Walungu wakati wazee wanakaa juu ya shauri la mpaka. Ndiyo maana tumeona vema kuyaeleza hapa, sababu hakuna jamaa katika shule hii ambayo haina shauri la shamba au la parsele.

Kwanza neno dogo juu ya lugha, kwa sababu linaweza kumpotezea mtu parsele yake. Huku Bukavu ukisema «nimeuza nguo», watu wanaelewa kwamba umetoa feza ukakamata nguo. Yule aliyetoa nguo tunasema «ameuzisha». Ukifika Dar es Salaam au Mombasa ni kinyume kabisa. Sokoni si kitu, mtacheka na mtasikilizana. Lakini karatasi inayosema «mimi fulani nimeuza shamba kwa fulani» inaweza kusomwa na watu wawili kwa maana mbili, na wote wawili wakaapa kwamba wanasema kweli! Katika makala hii tutafuata vitabu: kununua ni kutoa feza, kuuza ni kutoa kitu.

Sasa tuje kwa kalinzi. Katika Bushi, udongo wote ni wa Mwami. Yeye anaugawanya kwa watu wake, na wale wanagawia wengine chini yao, mpaka unafika kwa mkulima. Mtu anayetaka mahali pa kujenga na kulima kwa siku zote anakwenda kwa mkubwa wa pale na kutoa kalinzi: zamani ng'ombe, au mbuzi kwa mwenye uwezo mdogo, na baadaye feza pia. Inafanyika mbele ya mashahidi. Wanazunguka mipaka, wanaona mti huu, kijito kile, jiwe lile. Baada ya hapo yule mtu anaweza kupanda migomba, kuzika watu wake pale, na kuwaachia watoto wake.

Wengine wanasema kalinzi ni bei ya shamba. Sisi tunaona si sawa. Bei inamaliza maneno: umelipa, umekwenda, hatujuani tena. Kalinzi inaanzisha maneno. Aliyeitoa amekuwa mtu wa yule mkubwa, anamheshimu, anamsaidia, na mkubwa naye anapaswa kumlinda. Kama mtu alimwasi mkubwa wake, aliweza kufukuzwa, hata kama ng'ombe wake alikwisha kuzaa mara kumi katika zizi la mkubwa.

Kando ya kalinzi kuna bwasa. Hiyo ni ya muda tu. Mwenye shamba anamwachia mwingine sehemu kwa mavuno moja au mwaka, naye anatoa kazi ya mikono, au feza, au mtungi wa kasiksi (tunajua shule yetu haipendi jina hilo, lakini historia ni historia). Mwenye bwasa anapanda maharagi, viazi, mihogo. Migomba hapana! Mgomba unakaa miaka mingi, na anayeacha mwingine apande mgomba kwake ni kama amemwachia shamba. Kwa hiyo kule kwetu mtu hahitaji kujua kusoma ili ajue shamba ni la namna gani: anatazama kilichopandwa.

Aina ya tatu ilikuja wakati wa Wabelgiji, watu walipoanza kushika feza ya mishahara. Inaitwa bugule, maana yake kununua kweli kweli. Kwa bugule mtu anakamata shamba bila kuwa mtu wa yule aliyemwachia.

Turudi Uingereza. Huko pia mkulima wa kawaida alikaa juu ya udongo wa bwana. Baba akifa, bwana alikamata mnyama mzuri kuliko wote wa marehemu, na mtoto alilipa feza ya kuingia. Kama mkulima alitaka kumwachia mwingine shamba, hakumpa moja kwa moja. Alikwenda katika baraza la bwana, akarudisha shamba mkononi mwa msimamizi kwa kushika fimbo, na msimamizi akampa mnunuzi fimbo ile ile. Mnunuzi akalipa. Majirani wanatazama. Mtu wa Ngweshe angekuwa pale angesema: mbona hiyo ni kalinzi?

Lakini kuna tofauti moja, na hiyo ndiyo kiini cha maneno yetu. Karani wa bwana alikuwa ameketi pembeni anaandika. Kila kikao kiliandikwa kwenye ngozi ndefu iliyokunjwa: nani ametoa, nani amepokea, amelipa kiasi gani. Mkulima akapata kopi ya yale maneno. Polepole, aina hiyo ya shamba ikaitwa kwa jina la kopi yenyewe. Na kuelekea mwisho wa karne ya 15 mahakama ya mfalme ikaanza kuwasikiliza wakulima wenye kopi, hata walipomshtaki bwana wao. Desturi ikapata kitabu, na kitabu kikapata hakimu. Mashamba ya namna hiyo yaliendelea mpaka sheria ilipoyamaliza tarehe 1 Januari 1926.

Tusidhani mabwana walikuwa wema. Mwaka 1348 tauni iliingia Uingereza na kuua sehemu kubwa ya watu. Mashamba yakabaki bila wakulima, na bwana akalazimika kumbembeleza mkulima abaki. Katika Bushi imekuwa kinyume: watu wanaongezeka na vilima havikui. Mahali udongo ni haba, anayeugawanya ana nguvu, na anayeuomba anakubali lolote.

Watu huru wa Uingereza na wachuuzi walikuwa na barua zao wenyewe. Walipopatana, karani aliandika maneno yale yale mara mbili juu ya ngozi moja, halafu akaikata katikati kwa mstari wa meno-meno, kama meno ya msumeno. Kila mtu alikwenda na kipande chake. Siku ya ugomvi, vipande viliunganishwa: meno yakikutana, barua ni ya kweli. Tangu mwaka 1195, kwa mapatano yaliyofanywa mbele ya mahakama ya mfalme, waliandika mara tatu, na kipande cha chini kikabaki kwa Serikali. Hata leo vingi vipo. Wanaosoma Biblia watakumbuka Yeremia sura ya 32: nabii alinunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17, mbele ya mashahidi, na barua zikawa mbili, moja ya muhuri na moja wazi, zikatiwa ndani ya chombo cha udongo zipate kudumu.

Juu ya deni walikuwa na ujanja wao. Mtu amekopa pauni 10, lakini barua inasema anadaiwa pauni 20. Halafu kunaongezwa sharti: akilipa 10 kabla ya siku fulani, barua hii haina nguvu tena. Akichelewa, 20 zote zinadaiwa. Au alimpa mkopeshaji shamba lake kama vile ameliuza, kwa ahadi kwamba akilipa siku ile atalirudia. Siku ikipita, shamba limekwenda, hata kama lilikuwa na bei mara tatu ya deni. Ni katika karne ya 17 tu mahakama ilikubali kwa desturi kwamba mdaiwa aliyechelewa anaweza bado kulipa na kurudishiwa shamba lake.

Pwani yetu ya Afrika Mashariki ilijua njia hiyo pia. Zanzibar na Mombasa katika karne ya 19, sheria ya Kiislamu ilikataza riba, kwa hiyo mwenye nyumba au shamba la mikarafuu «aliliuza» kwa mkopeshaji kwa sharti la kulirudisha, ndiyo inayoitwa bei ya khiyari. Kisha akaendelea kukaa mle mle kama mpangaji, na kodi aliyolipa kila mwezi ilikuwa ndiyo faida ya mkopeshaji. Wasafara waliokwenda bara walianza na mikopo ya namna namna kutoka kwa matajiri wa Zanzibar. Tippu Tip mwenyewe alikopeshwa na Mhindi Taria Topan, na pembe alizokusanya kule Maniema zilikuwa zinangojewa huko pwani. Deni lilitembea kwa miguu mpaka Kasongo.

Je, kalinzi yetu ilipata karani wake? Tutazame. Tarehe 1 Julai 1885 Dola ya Kongo ilitangaza kwamba udongo usio na mtu ni wa Serikali. Nani aliamua kwamba hauna mtu? Serikali hiyo hiyo. Shamba lililopumzishwa, malisho ya ng'ombe, bonde la maji, yote yalionekana «matupu». Mwaka 1928 ikaundwa Comité National du Kivu, ikapewa mamlaka juu ya udongo mwingi sana wa Kivu, na mashamba makubwa ya wazungu yakapandwa juu ya vilima. Baada ya uhuru ilikuja sheria ya Bakajika ya tarehe 7 Juni 1966, halafu ile kubwa ya tarehe 20 Julai 1973. Kifungu chake cha 53 kinasema udongo ni mali ya Serikali peke yake. Kifungu cha 387 kinasema hata ule unaokaliwa na jamii za wenyeji umekuwa wa Serikali. Na kifungu cha 389 kinaahidi kwamba haki za wale wanaoutumia zitapangwa na ordonansi ya Rais. Miaka 40 baadaye ile ordonansi ilikuwa bado haijatoka.

Ndipo tatizo lilipo. Mkulima ana kalinzi, ana mashahidi, ana migomba ya babu yake. Kwa wazee hiyo inatosha. Kwa ofisi ya udongo, haki inaonekana kwa sertifika iliyoandikwa katika kitabu cha konservatere. Basi mtu mwenye feza anatoka mjini, anapatana na mkubwa wa pale, karatasi inaandikwa kwamba mahali ni patupu. Sheria inaomba ankete ifanywe kwanza ili kujua nani anakaa pale, lakini ankete ikifanyiwa juu ya meza, haitaona migomba. Sertifika inatoka. Na ikitimiza miaka 2, haishambuliwi tena: aliyedhulumiwa anaweza kudai malipo ya feza tu, shamba hapana. Kuna jamaa zinazojua habari hiyo siku ile zinapoona nguzo za sementi zinachimbiwa kati ya maharagi.

Upande wa deni, tuko karibu sana na wale Waingereza wa zamani. Mjini tunajua wakopeshaji wanaoitwa kwa mzaha Banque Lambert. Baba anatafuta feza ya hospitali au ya minerval ya watoto. Mkopeshaji anasema: «Tuandike tu kwamba umeniuzia parsele. Ukileta feza yangu, tutapasua karatasi.» Baba anaweka sahihi. Katika karatasi hakuna neno deni, hakuna neno siku ya kulipa. Akichelewa, mkopeshaji anafika na karatasi ya mauzo, yenye mashahidi, na hakimu anasoma kilichoandikwa. Kumbe sheria yetu inajua njia za wazi. Kuna ipoteki, ambayo konservatere anaiandika juu ya sertifika yenyewe, na parsele inabaki ya mwenyewe. Kuna pia mauzo yenye haki ya kurudisha, inayoitwa réméré, ambapo muda wa kurudisha umeandikwa katika mapatano. Hiyo ya pili ni kali, sababu muda ukipita mnunuzi anabaki na kitu. Lakini angalau muda unaonekana kwa macho. Mwenye kukopa aombe mambo matatu yaandikwe: kiasi alichopokea kweli, siku ya kulipa, na kwamba shamba limewekwa kama dhamana. Na kila upande ubaki na kopi yake, hata bila meno ya msumeno.

Tulipoongea juu ya makala hii, dada zetu wa kelasi ya 5 waliuliza: na sisi je? Swali lao lilitunyamazisha. Kalinzi ilipita toka baba hadi mtoto mwanamume, na mwanamke mara nyingi alilima kwa bwasa au juu ya shamba la mume. Sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 inasema watoto wa marehemu wanarithi sawasawa, wasichana na wavulana. Lakini ugawanyaji unafanyika kijijini, juu ya shamba ambalo halimo katika kitabu chochote, mbele ya mashahidi ambao karibu wote ni wanaume. Mmoja wa dada hao alisema mama yake anakumbuka mipaka yote ya shamba la babu, mti kwa mti, na hakuna hata siku moja aliyoitwa kusema.